Ukumbi wa Karimjee na Nyumba Iliyoujenga

Mwezi Mei 2025, kabla mwili wa Waziri Mkuu wa zamani Cleopa David Msuya haujasafirishwa kwenda Mwanga na kuzikwa kwao Usangi, viongozi wa nchi na Wapare wa Dar es Salaam walimuaga katika viwanja vya Karimjee. Miaka sita nyuma, Mei 2019, mfanyabiashara Reginald Mengi naye aliagwa hapohapo. Ikitangazwa redioni kwamba mtu mkubwa ataagwa Karimjee, hakuna anayeuliza Karimjee ndiye nani. Jina limekaa kinywani kama la mtaa au la kituo cha basi, na hata huku kwetu Gonja, Upare, nyuma ya milima, mtu ambaye hajawahi kufika mjini anajua kwamba wakubwa huagwa hapo.

Nimeona vema kuandika habari za nyumba ya biashara iliyoujenga ukumbi huo kwa sababu mwaka huohuo wa 2025 nyumba yenyewe ilitimiza miaka 200, kwa hesabu inayoanzia duka lililofunguliwa Unguja mwaka 1825. Taasisi chache sana katika Afrika Mashariki zina umri huo. Ilikuwepo kabla ya Seyyid Said kuhamishia makao yake Unguja, ikawaona Wajerumani wakija na wakiondoka, ikawaona Waingereza, ikaona uhuru, Mapinduzi, Azimio la Arusha na soko huria. Katika muda wote huo ilikuwa nyumba ya Wahindi, Wabohora wa Kachchh, wenye jamaa na msikiti na lugha yao, na wakati huohuo ikawa nyumba ya hapa.

Mwanzilishi aliitwa Jivanjee Buddhabhoy. Alitoka Mandvi, bandari ya Kachchh, ambayo mabaharia wake walikuwa wakivuka na upepo wa kaskazi na kurudi na kusi kwa vizazi vingi kabla yake. Alifika Unguja mnamo 1818 na baada ya miaka saba akawa na biashara yake. Hakuwa peke yake. Wahindi wa Unguja ya karne ya 19 ndio waliokusanya ushuru wa forodha wa Sultani, wakawakopesha Waarabu wenye mashamba ya karafuu, wakawapa wenye misafara bidhaa kwa mkopo ili warudi na pembe za ndovu.

Misafara hiyo ndiyo iliyoileta Unguja mpaka Gonja. Wasafiri waliotoka Pangani kwenda Kilimanjaro walipita chini ya milima yetu upande wa mashariki, na Gonja palikuwa kituo: maji ya mlimani, chakula cha kununua, wapagazi wapumzike kabla ya nyika. Mpare aliyeuza ndizi, mahindi au jembe alilipwa shanga, waya wa shaba, kaniki na merikani. Kaniki ilitoka India. Merikani ilitoka Massachusetts mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoikatiza katika miaka ya 1860, na viwanda vya Bombay vikapata nafasi ya kuingia. Nyuma ya kila jora kulikuwa na daftari la mfanyabiashara wa Kihindi wa Pangani au Unguja, na ndani ya daftari hilo deni. Basi uhusiano wetu na India haukuanza na mabalozi. Ulianza na nguo mwilini mwa bibi zetu, na bei yake ilipangwa mahali ambapo bibi zetu hawakupajua. Mambo haya mawili yalikuja pamoja na ni haki kuyataja pamoja.

Mwaka 1861 wana wa Jivanjee waligawana biashara, na Karimjee, aliyezaliwa 1826, akaanza kufanya kazi kwa jina lake. Jina lake likiunganishwa na la baba ndilo tunalolisikia hadi leo: Karimjee Jivanjee. Wasomaji wa Kenya wasichanganye. Jeevanjee wa bustani ya Nairobi ni Alibhai Mulla Jeevanjee, Mbohora mwingine aliyetoka Karachi, mtu mwenye historia yake kubwa, lakini si wa nyumba hii. Karimjee alifariki mwaka 1898, na wajukuu wake ndio walioikuza biashara kupita kiasi ambacho yeye angekidhania. Walisafirisha karafuu na nazi, wakaagiza nguo na vyakula, wakapata uwakala wa kampuni za ng'ambo, wakavuka kuja bara. Katika miaka ya 1940 makao makuu yenyewe yalihamia Dar es Salaam.

Bara kulikuwa na mkonge. Dakta Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche kutoka Florida mwaka 1893. Katika miche elfu moja ikafika hai 62, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutoka kwa miche hiyo 62 ilizaliwa Tanganyika iliyokuja kuongoza dunia kwa katani na kufikia kilele cha tani 230,000 na zaidi katikati ya miaka ya 1960. Ukoo wa Karimjee uliingia katika zao hilo na kuwa miongoni mwa wenye mashamba wakubwa wa nchi.

Hapa Gonja haina haja ya kuelezwa na mtu. Wilaya ya Pare wakati ule ilikuwa katika Jimbo la Tanga, na mkonge ndio uliokuwa ukilitawala jimbo hilo. Ukisimama juu, Bombo au Vuje, ukitazama nyika ya Mkomazi, utayaona mashamba ya Ndungu chini yako. Upande wa pili wa milima, kwenye reli ya Tanga iliyofika Moshi mwanzoni mwa miaka ya 1910, yalikuwapo Makanya na Kisangara. Sisemi mashamba haya yalikuwa ya Karimjee. Mkonge ulikuwa na wenye wengi, Wagiriki, Waingereza, Waswisi, Wahindi. Nasema maisha ya shamba yalikuwa mamoja. Manamba waliletwa kwa malori na treni kutoka Ruanda-Urundi, Kigoma, Songea na Msumbiji, wakapewa kipande, wakakata majani yenye miiba kabla ya jua kupanda, wakasikia korona, mashine ya kuchakata mkonge, ikinguruma mchana kutwa na maji yake machafu yakinuka hadi kijijini. Vijana wa Kipare nao waliteremka. Wengine walirudi na baiskeli na cherehani, wengine walirudi na kifua kibovu, wengine hawakurudi. Fedha iliyojenga kumbi na shule na hospitali nitakazozitaja ilitoka kwa sehemu kubwa katika jasho hilo, na historia ya kumbukumbu inayoficha jambo hilo inamnyima manamba haki yake mara ya pili.

Vivyo hivyo duka. Mhindi mwenye duka ndiye aliyeleta mafuta ya taa, chumvi, sukari, kiberiti na khanga mahali ambapo serikali haikuwa na la kuleta zaidi ya hati ya kodi. Alikaa na familia yake nyuma ya duka, akajifunza Kiswahili na mara nyingine lugha yetu ya Chasu ya kutosha kupatana bei. Alikopesha wakati wa njaa. Alipanga bei ya kahawa kwa mkulima asiye na mahali pengine pa kuuza. Vyama vya ushirika, na Vuasu kwa upande wetu, vilizaliwa kwa sababu wakulima walichoka kuuza kwa bei ya mtu mmoja. Kizazi cha wazee wetu kiliyajua yote haya, ndiyo maana kiliweza kumsalimu mwenye duka kwa upole asubuhi na jioni kukaa katika mkutano wa kumwondoa katika biashara ya kahawa.

Sasa nifike kwenye yale ambayo ukoo wa Karimjee uliyatoa.

Mpare anayo msaragambo. Mbiu ikipigwa, kila nyumba inatoa mtu wa kuchimba mfereji, kuzibua ndiva, bwawa la kuhifadhia maji ya mfereji, au kubeba mawe ya shule, na asiyetokea anajulikana. Haijalishi una mtoto wa kusoma shule hiyo au huna. Ukoo wa Karimjee haukupigiwa mbiu na mtu, lakini naona katika matendo yao jambo linalofanana sana na hilo: walibeba mawe ya majengo ambayo hayakuwa ya jamaa yao peke yao. Jamaa nyingi za Kihindi zilijenga, na zilijenga vizuri, ila mara nyingi zilianza na watoto wao: shule ya jamaa, zahanati ya jamaa, ukumbi wa jamaa. Milango ilifunguliwa kwa wengine baadaye, mingine kwa hiari na mingine kwa sheria. Zawadi kubwa za nyumba hii zilikwenda moja kwa moja kwa mji na kwa serikali, yaani kwa watu wote, pamoja na wale ambao wasingewajua watoaji hata kwa sura.

Unguja walitoa hospitali. Iliitwa Hospitali ya Karimjee Jivanjee. Baada ya Mapinduzi ikaitwa V. I. Lenin, leo ni Mnazi Mmoja, hospitali kuu ya Zanzibar. Majina matatu, wagonjwa walewale. Tanga walisaidia shule iliyobeba jina lao ambayo leo ni Sekondari ya Usagara, na wamepita humo vijana wa mkoa mzima na wa milima hii. Dar es Salaam wakatoa ukumbi, karibu na Bustani ya Mimea na Makumbusho, katika sehemu ile ya mji ambayo Wajerumani waliipanda miti kwa ajili yao wenyewe. Ulikabidhiwa halmashauri ya mji katikati ya miaka ya 1950. Baraza la Kutunga Sheria halikuwa na nyumba inayolitosha, likaingia humo.

Baraza lenyewe lilianzishwa mwaka 1926. Wajumbe wasio wa serikali walikuwa Wazungu na Wahindi wawili. Mwafrika hakuwemo. Ilichukua miaka 19 mpaka mwaka 1945 walipoteuliwa machifu wawili, Abdiel Shangali wa Machame na Kidaha Makwaia wa Shinyanga. Mpare anaukumbuka mwaka huo kwa jambo jingine. Mwezi Januari 1945 maelfu ya watu waliteremka kutoka milimani, Gonja ikiwamo, wakakusanyika Same mbele ya boma kuikataa mbiru, kodi iliyokadiriwa kwa mali ya mtu. Walilala nje. Hawakuwa na mjumbe barazani wa kusema kwa niaba yao. Walikuwa na miguu yao tu na uvumilivu wao. Katika nchi hiyohiyo mfanyabiashara wa Kihindi alikuwa na kiti. Tofauti hiyo isisahauliwe tunapohesabu nani alimfaa nani, kwa maana ndiyo inayoonyesha ukubwa wa hatua zilizofuata.

Mwaka 1956 Abdulkarim Karimjee, aliyewahi kuwa Meya wa Dar es Salaam, alikalia kiti cha Spika. Alikikalia hadi mwisho wa 1962. Baraza aliloanza nalo lilikuwa la Gavana, na lile aliloliacha lilikuwa Bunge la nchi huru. Kila hatua ya njia hiyo ilipita mbele yake, ndani ya kuta zilizobeba jina la ukoo wake.

Kwanza kulikuwa na kura tatu. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 Waingereza waliamuru kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mhindi mmoja. Vinginevyo karatasi yake inaharibika. Chama cha TANU kilikaribia kupasuka juu ya jambo hilo katika mkutano wa Tabora, Januari 1958, na kiongozi wake, Julius Nyerere, akawashawishi wenzake waingie. Kilichofuata kiliwashangaza Waingereza. Wapiga kura Waafrika waliwapa kura Wahindi waliosimama na TANU, na Wahindi hao wakaingia barazani wakiwa upande wa uhuru: Amir Jamal wa Morogoro, aliyesoma Calcutta wakati India ikipigania uhuru wake, Sophia Mustafa wa Jimbo la Kaskazini, wakili K. L. Jhaveri wa Dar es Salaam, na wakili Mahmud Rattansey wa Tabora. Mwaka huohuo wa 1958 Nyerere aliposhitakiwa kwa kuwakashifu maofisa wa serikali, Rattansey na Jhaveri ndio walioketi na wakili Mwingereza D. N. Pritt kumtetea. Alitozwa faini ya shilingi 3,000 akatoka. Wakili wa Kihindi wa miaka ile hakuwa na haja ya kujiingiza katika kesi hiyo. Wateja wake walikuwa wenye maduka waliotaka amani na serikali.

Oktoba 1959, barazani, Nyerere alitoa ile hotuba ya kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Kilimanjaro uangaze nje ya mipaka. Sisi tunaouona mlima huo kukipambazuka bila mawingu tunaipenda hotuba hiyo kwa namna yetu. Agosti 1960 TANU ikapata viti 70 kati ya 71, ijapokuwa viti 11 bado vilitengwa kwa Wahindi na 10 kwa Wazungu.

Nataka nikae zaidi kwenye siku za Oktoba 1961, kwa kuwa naamini ndizo kiini cha historia hii yote. Uhuru ulikuwa umebaki wiki saba. Serikali ilileta muswada wa uraia: nani atakuwa raia wa Tanganyika? Muswada uliwaruhusu watu wa asili yoyote waliozaliwa hapa, mzazi mmoja akiwa amezaliwa hapa pia, na ukawapa wengine muda wa kuomba. Baadhi ya wabunge wa TANU yenyewe walisimama kupinga. Walisema uraia uwe wa Mwafrika kwanza. Mhindi na Mzungu wametajirika chini ya mkoloni, vipi leo wapewe sawa na yule aliyelala nje Same? Hoja hiyo ilikuwa na uchungu wa kweli ndani yake na haikutoka kwa wajinga. Nyerere alijibu kwa ukali ambao wengi hawakuwahi kuusikia kwake. Alisema uraia ufungwe kwenye utii kwa nchi. Ukifungwa kwenye rangi, ubaguzi hautaishia kwa Wahindi, utageuka na kuwala Waafrika wao kwa wao, kabila kwa kabila. Aliwaambia waziwazi kwamba wanaongea kama wale walioitukuza rangi Ulaya na kuleta maangamizi. Akaweka serikali yake rehani: muswada ukishindwa, inajiuzulu. Muswada ukapita.

Aliyeongoza kikao ni Karimjee. Ndiye aliyewapa nafasi ya kusema wale waliotaka watu kama yeye wasihesabiwe, na kanuni zilimtaka awasikilize bila kuonyesha uso, katika ukumbi ambao ukoo wake ulikuwa umeutoa. Nimesoma sifa nyingi za Wahindi wa Afrika Mashariki: hesabu ya viwanda, ya ajira, ya misaada. Zote ni za kweli. Lakini mimi nikiambiwa nitaje tendo moja la wageni waliokuja kuwa wenyeji lililoimarisha kifungo chao na nchi hii, nitataja hilo: kuwapa wenyeji mahali pa kukaa na kuamua, hata kuamua habari za wageni wenyewe, kisha kukubali uamuzi.

Desemba 1962 nchi ikawa jamhuri. Nyerere alilihutubia Bunge kama Rais na kutangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa. Karimjee akaachia kiti, akakikalia Adam Sapi Mkwawa. Miaka iliyofuata waliingia humo watu wetu: Peter Kisumo wa Usangi, Chediel Mgonja wa Same aliyeshika mambo ya nje kisha elimu ya taifa, na Msuya. Habari za Msuya na Jamal zinastahili kitabu. Jamal alikuwa Waziri wa Fedha kuanzia 1965. Mwaka 1972 akamwachia Msuya. Mwaka 1975 Msuya akamrudishia Jamal. Edwin Mtei akaingia kati kwa miaka miwili. Jamal akarudi mwaka 1979 wakati nchi imetoka vitani na hazina imekauka. Mwaka 1983 Msuya akaipokea tena. Mtoto wa wafanyabiashara wa Kihindi na mtoto wa mlima wa Upare, wanapokezana funguo za Hazina katika miaka migumu kuliko yote, na sijasikia kwamba kuna aliyeona ajabu. Hicho ndicho kilichokuwa kikibishaniwa Oktoba 1961, sasa kimekuwa desturi ya kazi.

Halafu ikaja zamu ya kutoa kwa lazima. Oktoba 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilitwaa sehemu kubwa ya sekta ya mkonge, na mashamba ya Karimjee yakawa miongoni mwa yaliyokwenda. Aprili 1971 Bunge lilipitisha sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Karibu yote yaliyotwaliwa yalikuwa ya Wahindi. Msajili wa Majumba akawa mwenye nyumba wa miji yetu. Zanzibar mambo yalikuwa yamekwisha kuwa mazito zaidi tangu 1964. Sir Tayabali Karimjee, ambaye Waingereza walimpa cheo hicho kwa ajili ya hisani zake, alimalizia maisha yake Karachi. Maelfu ya familia za Kihindi zilifunga virago kwenda Uingereza na Kanada. Katika miji midogo ya reli, Same ikiwamo, maduka yaliyokuwa na majina ya Kigujarati juu ya milango yalifungwa na mengine hayakufunguliwa tena kwa miaka.

Sitahukumu sheria hizo hapa. Nyumba nyingi zilizotwaliwa zilipangishwa kwa watu ambao hawakuwahi kuota kuishi mjini katikati. Nasema tu kwamba waliopoteza mali hawakuwa wote mabepari wa vitabuni. Wengine walikuwa wajane walioishi kwa kodi ya vyumba vitatu. Na nyumba ya Karimjee haikuondoka. Baadhi ya wanaukoo walihama, kampuni ilibaki na kilichobaki, hasa biashara ya magari ya Toyota iliyokuwa imeanza katika miaka ya 1960, nayo ndiyo iliyoivusha. Ukumbi haukubadilishwa jina. Lumumba, Samora na Sokoine walipewa barabara zilizokuwa na majina mengine, Lenin akapewa hospitali ya Unguja, lakini jina la Karimjee lilibaki juu ya Bunge la nchi ya kijamaa. Wabunge waliopitisha sheria ya majengo waliipitisha wakiwa ndani yake.

Habari za serikali kwa serikali zilifuata njia iliyokwisha kulimwa. India ilifungua ofisi ya ubalozi Dar es Salaam Novemba 1961, kabla ya bendera kupanda. Mpango wake wa mafunzo ya kiufundi, ulioanzishwa mwaka 1964, umewasomesha Watanzania wengi, mafundi, makarani, maofisa wa benki na wa kilimo. Nyerere alipewa Tuzo ya Nehru, na mwaka 1995 akawa mtu wa kwanza kabisa kupewa Tuzo ya Amani ya Gandhi. Mwaka 2023 taasisi ya teknolojia ya IIT Madras ilifungua kampasi Zanzibar, ya kwanza ya vyuo vya IIT nje ya India, na Oktoba mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alikwenda Delhi, nchi mbili zikatangaza ubia wa kimkakati. Mkulima wa mbaazi naye anajua uzito wa uhusiano huu, maana mwaka 2017 India ilipowekea mipaka mbaazi za kutoka nje, bei ilianguka huku hadi magunia yakaozea majumbani. Makubaliano yanasainiwa na wakubwa. Bei ya mbaazi inamfikia kila mtu.

Wageni wengi huuliza kwa nini Mtanzania na Mhindi wanaelewana kwa urahisi kwenye meza za makubaliano hayo. Sehemu ya jibu ipo Nairobi, ambako michango ya Wahindi ya kumkumbuka Gandhi iliunganishwa na chuo kilichofunguliwa mwaka 1956 na kukua kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Sehemu ipo katika kumbi kama Diamond Jubilee ya Dar es Salaam, jina lililotokana na Aga Khan wa Tatu kupimwa kwa almasi mwaka 1946, ambako leo mtu wa dini yoyote hufanya harusi yake. Na sehemu kubwa kwetu ipo Karimjee.

Bunge liliondoka humo lilipohamia Dodoma katika miaka ya 1990. Ukumbi ulirudi kwa jiji: vikao vya madiwani, mikutano, sherehe na maombolezo ya taifa. Nyumba ya Karimjee yenyewe, baada ya miaka 200, bado ina makao yake Tanzania, na ukoo umeendeleza mkono wa kutoa kwa njia ya mfuko wake, Karimjee Jivanjee Foundation. Huo ndio unaofadhili Young Scientists Tanzania, mashindano ya sayansi ya wanafunzi wa sekondari yaliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 2010. Wanafunzi wawili wawili, na mwalimu wao, wanachagua tatizo la kwao, wanalifanyia utafiti, kisha waliochaguliwa wanalileta Dar es Salaam mbele ya waamuzi. Washindi hulipiwa chuo kikuu. Katika miaka iliyopita wametokea washindi kutoka shule za serikali za mikoani, mbali na shule za ada kubwa za mjini.

Nawaambia walimu wa sekondari wa Maore, Ndungu, Kihurio na Bombo, maana mimi ni mtu wa huku na ninayajua matatizo ya huku: chumvi inayopanda katika majaruba ya mpunga, mifereji ya ndiva inayopotezea maji njiani, tangawizi ya Mamba inayoozea shambani, tembo wa Mkomazi wanaoteremkia mahindi. Kila moja ni swali la sayansi, na anayeyafahamu zaidi ni mtoto anayepita hapo kila siku akienda shule. Fomu za mashindano huombwa kila mwaka.

Na jiji la Dar es Salaam nalo liweke kibao mlangoni mwa ukumbi. Kiseme ulitolewa na nani, Spika alikuwa nani, na kwamba humu ndani, Oktoba 1961, iliamuliwa nani ni raia wa nchi hii.